Tupeane uzoefu: Mungu alikukimu vipi ulipokuwa huna mbele wala nyuma?

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi nalala nikipiga hesabu za kodi, ada na dawa za mzee, naamka hesabu ziko palepale. Jumapili tumesomewa tena Mathayo 6, "msisumbukie ya kesho", nikaitikia amina kwa sauti huku moyoni nasema daftari langu halijasomwa hapa. Mistari ninayo, msinitumie. Nataka aliyepita humo anisimulie ilikuwaje.

Mchangiaji wa 2
Nilipoachishwa kazi sikumwambia mke wangu kwa siku 11. Asubuhi navaa, natoka, nashinda nimekaa kanisani kwenye benchi la nyuma. Nikaomba kazi. Haikuja kwa miezi minane.

Kilichokuja ni mama mmoja wa kikundi cha maombi na cherehani yake mbovu. Alijua napenda kufungua-fungua vitu. Nikaitengeneza, akamwambia mwenzake, naye akaleta yake. Kila wiki kilichopatikana kilitosha wiki hiyohiyo, hakibaki hata kidogo. Nilikasirika, nisiwadanganye. Nikamuuliza Mungu kwa nini asinipe kwa mkupuo nipumue. Ndipo nikarudia Kutoka 16: mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani, pishi moja kwa kichwa kila siku, na waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu. Mimi nilikuwa naomba ghala.

Ile hofu haikuisha, ila ilifupika. Nikawa naogopa mpaka Jumamosi tu, sio mpaka mwaka kesho.

Mchangiaji wa 3
Na shemeji hizo siku 11 alijua?

Mchangiaji wa 2
Alijua siku ya pili. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Mchangiaji wa 4
Samahani nitaharibu mtiririko. Tuliomba pesa za matibabu ya mama. Zilipatikana, zote, wiki moja baada ya kumzika. Walionijia na "Mungu ana makusudi yake" niliwakwepa miezi. Aliyenisaidia ni jirani aliyekuwa anakuja jioni, anakaa, hasemi neno, anaondoka. Sijaacha imani, ila siimbi kama zamani. Mkishuhudia, mtuachie na sisi nafasi ya kukaa.

Mchangiaji wa 5
Wa 4, pole sana ndugu yangu. Kaa hapa.

Langu ni la upande wa pili. Tukisoma 1 Wafalme 17, pale kunguru walipomletea nabii Eliya chakula kando ya kijito cha Kerithi, kila mtu anajiweka nafasi ya Eliya. Mimi niliwahi kuwa kunguru. Usiku nilisukumwa moyoni nimtumie pesa muumini mwenzangu ambaye, kusema ukweli, hatupikiki chungu kimoja. Nikabishana na wazo hilo siku tatu. Nikatuma. Kimya, hata asante hakuna, nikajuta. Baada ya mwezi akaniambia siku ile alikuwa ameshafunga mizigo, mwenye nyumba amesimama mlangoni. Asante alishindwa kuandika kwa aibu, maana ni mimi. Kunguru ni ndege najisi katika Walawi 11, na wala hakuulizwa kama anampenda Eliya.

Halafu tusisahau, kile kijito cha Kerithi kilikauka nabii akiwa palepale. Ndipo akaambiwa aende Sarepta.

Mchangiaji wa 6
Nyongeza fupi. Kuna mhubiri aliniambia nipande "mbegu", yaani nitoe sadaka ya pesa, nivune mara mia. Nilikopa nikapanda. Nilivuna deni, nikalilipa miaka miwili kwa kufanya kazi usiku. Kumtegemea Mungu ndiyo, bahati nasibu hapana.

Mleta mada
Nimesoma yote. Wa 4, nitakuandikia pembeni, sio kwa ushauri. Wa 2, nimemwonyesha mume wangu daftari leo. Kumbe na yeye ana lake, tena hesabu zetu hazilingani. Tumekaa mezani mpaka sasa tunazipatanisha. Wengine endeleeni, narudi.