"Mwani umeiva, leteni nazi": hivi huyu ni msimamizi au mpishi?

Kichwa_Mchungu (mwenye uzi)
Jamani! Huyu msimamizi wa utafiti pale chuoni mnamjua, msijifanye hamumjui. Kalamu nne mfukoni, wino hamna hata moja. Vijana wa idara tatu, bahari, kompyuta na uchumi, wamesimama kuonesha kipima joto cha maji ya shamba la mwani. Skrini inaandika nyuzi 85. Yeye anacheka mpaka miwani inamteremka puani, anawageukia kina mama wakulima: "Mwani umeiva, leteni nazi."

Leteni nazi! Mbele ya watu wazima walioacha kazi zao waje kusikiliza!

Na ile 85 wala si joto. Aliyewahi kushika kipima joto hiki cha DS18B20 anajua kuwa 85 ni namba ya kuamkia. Umeme ukikatika kidogo ukarudi, kifaa kinang'ang'ania 85 mpaka kimalize kupima upya, na kwenye usomaji wa kina zaidi, wa biti 12, kinataka milisekunde 750. Ukikiharakisha kinakupa 85. Ikija -127, hapo waya umeachia kabisa. Msimamizi wa kweli angeuliza kama kiungo cha waya kimeingia chumvi. Huyu kauliza nazi.

NAZI!

Fundi_Risasi
Pole kwa nazi. Kwa waya sikupi pole. Kile kizuizi cha umeme (rezista) cha ohm 4.7k baina ya waya wa data na wa umeme kipo? Kiungo mmekifunga kwa selotepu, sema kweli. Maji ya chumvi yanapanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi wa koroboi. Unga waya kwa risasi ya kuyeyusha, visha mpira ule unaonywea kwa moto, mwagia gundi ya epoksi, acha saa 24. Kisha kitie kwenye ndoo ya maji ya bahari kilale humo usiku kucha, kikiamka salama ndiyo kiende shamba. Silikoni peke yake inabanduka. Na kabla ya yote kijaribu kwenye barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji, kisome karibu na 0. Kikisoma 0.4, basi hiyo 0.4 unaipunguza kote.

dagaa_kavu
Nimehesabu nazi sita mpaka sasa. Mchuzi wa watu wangapi huo?

BintiMicheweni
85 itupeni, sawa, na muandike mmetupa ngapi. Ila nyie watu wa kompyuta hamuishii hapo. Mkiona 36 nayo mnaifuta, eti kosa la kifaa. Kosa lipi? Kupwa ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, huku inaangukia saa nne, saa tano asubuhi, maji yaliyobaki kwenye madimbwi yanachomwa na jua mpaka ukitia mguu uuvute. Hiyo 36 ndiyo inayomaliza mwani wa kotonii: matawi yanakuwa meupe, yanalainika, yanakatika, kamba inabaki tupu. Wakulima wengi wamebaki na aina nyingine, spinosum, ambayo bei yake ni ya kusikitisha. Mkifuta 36 mmefuta utafiti.

Lakini pia angalieni kipimo kimefungwa wapi. Kikining'inia juu ya kigingi, maji yakitoka kinapima jua. Kifungeni chini, usawa wa kamba ya mwani, na kila mstari wa data uwe na saa ya kupwa na kujaa pembeni. Na utelezi unaoota kwenye kipimo ufutwe kila wiki kwa kitambaa laini.

Kichwa_Mchungu
Yote nimesikia. Lakini NAZI, jamani?

Mchumi_Maskini
Afadhali nazi. Kuna msimamizi kapitisha dodoso la maswali 64, likapelekwa pwani saa ya kupwa! Mkulima ana saa mbili tatu za kufunga mbegu, wewe unamuuliza ana vijiko vingapi nyumbani. Swali la 31: "Umevuna kilo ngapi?" Mbichi au kavu? Halisemi. Mwani mbichi kilo saba au nane ukikauka unabaki kama kilo moja, nusu wamejibu mbichi, nusu kavu, zikajumlishwa. Kwenye grafu kuna bibi ana pato la mkurugenzi. Hiyo ikapewa A, hakuna aliyecheka.

Kasa_Mzee
Shida ni kuanza bila karatasi. Upande mmoja tu, watie saini wasimamizi wote: mkuu ni nani, mswada unarudi baada ya siku ngapi, data ni ya nani, jina la nani linatangulia, nauli ya shamba anatoa nani. Barua ya sheha, kiongozi wa eneo, muwe nayo kabla ya kukanyaga pwani. Bila hivyo bahari wanataka nadharia tete, kompyuta wanataka kifaa kiwake, uchumi wanataka kurasa 40, na kila mmoja anawaambia wanafunzi wale wengine hawajui kitu.

Mpemba_Asili
Mie nawashangaa wa Unguja. Nyie msimamizi mnamwona hata meno. Huku Pemba anavuka mara moja kwa muhula, upepo ukivuma haji, anasimamia kwa sauti za WhatsApp. Dakika tisa!

dagaa_kavu
Dakika tisa anasema nini?

Mpemba_Asili
Saba salamu. Mbili "rekebisha sura ya tatu". Sura ya tatu irekebishwe nini, hasemi.

Fundi_Risasi
Huyo ana nafuu. Kuna anayeandika "?" pembeni ya aya na kufunga.

Mchumi_Maskini
Nyie, swali la haraka. Ripoti moja, idara tatu. Uchumi wanataka jalada jeusi, bahari buluu, kompyuta hawataki karatasi kabisa. Tunafunga rangi gani?

Kasa_Mzee
Rangi ya idara ya msimamizi mkuu. Ndiyo maana nimesema karatasi.

Mchumi_Maskini
Mkuu hajulikani. Wote watatu wanajiita wakuu.

BintiMicheweni
Basi chapisheni mbili, ya tatu itumeni kwa barua pepe. Na maandishi ya mgongoni yawe ya dhahabu, yale meupe yanafutika.

dagaa_kavu
Dhahabu wanatoza shilingi ngapi siku hizi?