Mrejesho: bwawa la hoteli ya jirani, Paje, Zanzibar
Habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza kama ni sawa kuogelea kwenye bwawa la hoteli ya jirani wakati sisi tumefikia nyumba ya wageni isiyo na bwawa. Wengi mlisema nianzie mapokezi. Nimefanya hivyo, nawashukuru sana.

Wifi yangu alitaka tupitie ufukweni kimyakimya, maana bahari ilikuwa imekupwa mbali na watoto wanalilia maji. Nilikataa. Ufukwe ni wa wote, lakini bwawa lina mwenyewe, na tukikamatwa anayegombezwa ni mlinzi. Dada wa mapokezi akatutajia shilingi 20,000 kwa mtu mzima, watoto nusu, na hela yote inakatwa kwenye chakula. Akatufunga utepe wa njano mkononi, mwanangu hataki kuuvua hadi leo. Tulisuuza mchanga miguuni bombani kabla ya kuingia, na vitanda vya kivulini tukawaachia wageni wao. Pweza na chipsi tuliagiza palepale; maandazi yetu yalibaki mkobani.

Wakati wa kuaga, dada akatuomba tukirudi Jumamosi tuulize kwanza, kwani siku hiyo wanajaa.