Mjadala: Fei Toto aliweka milioni 112 Jangwani. Mkataba ulivunjika au haukuvunjika?

Mleta Mada

Wakuu, suala la Feisal Salum na Yanga liliisha kwa maridhiano, halikuisha kwa sheria. Ndiyo maana kila dirisha la usajili likifunguliwa linaibuka upya, safari hii jina ni hili, safari ijayo jina ni lile.

Kwa ambao hawakulifuatilia: Desemba 2022 Fei Toto, kiungo wa Yanga na Taifa Stars, alitangaza kuondoka huku mkataba wake ukitajwa kuisha Mei 2024. Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, akaunti ya klabu iliingiziwa shilingi milioni 112: milioni 100 ni pesa ya usajili, milioni 12 ni mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na Machi ombi la mapitio likagonga mwamba. Hakuichezea Yanga tena. Juni 2023 Rais Samia alipowapokea Yanga Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho, akaomba jambo hilo limalizwe, na siku chache baadaye Azam wakamtangaza.

Swali langu: mchezaji akirudisha alichopewa na kuongeza mishahara ya miezi mitatu, klabu ina haki gani ya kumshikilia? Msimamo wangu ni kwamba haina. Mwalimu, daktari au dereva akitoa notisi na kulipa kinachotakiwa, anaondoka. Kiungo naye ni mfanyakazi.

Kipengele

Mkuu, mfano wa mwalimu hausaidii hapa. Mkataba wa mchezaji ni wa muda maalumu, na kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinautazama tofauti na ajira ya kawaida. Ibara ya 13 inasema mkataba unaisha kwa njia mbili: muda wake ukitimia au pande zote mbili zikikubaliana. Notisi ya miezi mitatu haimo humo.

Milango ya upande mmoja kutoka ipo, lakini ni myembamba. Wa kwanza ni sababu ya haki, ibara ya 14, na dada yake 14bis: klabu ikidaiwa angalau mishahara miwili ya mwezi, mchezaji anaiandikia barua ya madai, anaipa siku zisizopungua 15, zikipita bila malipo yuko huru. Wengi hukwama kwenye ile barua. Mchezaji anadai miezi mitatu kweli, lakini anaondoka kambini kimya kimya bila maandishi, kisha klabu inamshtaki kwa utoro na inamshinda.

Wa pili ni sababu ya kimichezo, ibara ya 15: mchezaji aliyekwisha kujijenga akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu. Fei alikuwa anacheza karibu kila wiki, kwa hiyo mlango huo kwake haukuwepo.

Halafu kuna ibara ya 16: mkataba hauvunjwi na upande mmoja katikati ya msimu. Tangazo lilitoka Desemba, ligi inaendelea. Hata angekuwa na hoja nzuri kiasi gani, tarehe ilimpinga. Kesi ya mchezaji na klabu za nchi moja husikilizwa na TFF, haiendi moja kwa moja FIFA, lakini kanuni za ndani zinatakiwa kulinda msingi huohuo wa uthabiti wa mikataba.

Jangwani Damu

Asante Kipengele, na mimi niongeze la uwanjani. Klabu haimnunui kiungo peke yake. Inanunua kocha anayemjua, beki wa pembeni anayejua mpira utamfuata wapi, mshambuliaji anayekimbia kabla pasi haijatoka. Ukimtoa namba 10 katikati ya msimu, dirisha dogo linabaki na wiki chache, na mchezaji wa kiwango chake hapatikani kwa milioni 112. Pesa ya usajili aliyopewa ni bei ya saini yake siku ile aliposaini. Thamani yake baada ya kupanda kiwango mikononi mwa klabu ni kitu kingine kabisa.

Chukua mchezaji aliyesajiliwa kwa milioni 20 akiwa na miaka 20. Miaka mitatu baadaye anatakiwa na klabu ya Afrika Kaskazini kwa mara kumi ya hapo. Kwa kanuni ya Mleta Mada, mchezaji anarudisha zile 20, anaondoka, klabu iliyomlea inabaki na viatu vya mazoezi. Nani atampa tena kijana mkataba mrefu?

Namba Sita

Jangwani Damu, mbona Yanga walifika fainali ya Shirikisho bila yeye? Sare ya jumla 2-2 na USM Alger, wakakosa kombe kwa bao la ugenini. Ubingwa wa ligi wakachukua. Klabu ilipata namna ya kuziba pengo. Aliyeshindwa kuziba ni mchezaji, na hapo ndipo mnapopita haraka mno.

Kiungo akikaa nje miezi mitano bila timu, mapafu anaweza kuyatunza. Atakimbia ufukweni, atapanda ngazi, atainua vyuma. Kisichotunzika peke yako ni kazi yenyewe ya kiungo: kugeuza shingo kabla mpira haujafika, kujua nani yuko nyuma yako, kupokea ukiwa umefungua mwili, kuachia kwa mguso mmoja huku mtu anakuvuta jezi. Hayo yanakaa kichwani kwa sababu yanarudiwa kila siku dhidi ya watu wanaokukaba kweli. Mazoezi ya watano kwa wawili, mechi za uwanja mdogo, dakika 90 za Jumapili. Mchezaji anayerudi bila hayo utamjua: anapokea mpira akiwa ameangalia lango lake, pasi inachelewa nusu sekunde, anakabwa na kulaumiwa kuwa mzito. Na akilazimishwa kurudi dakika 90 haraka, misuli ya nyuma ya paja ndiyo hutangulia kulalamika.

Fei ana bahati alirudi vizuri: mabao 19 kwenye ligi msimu wa 2023/24 akiwa Azam, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21, na Azam wakamaliza wa pili na kupata nafasi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Lakini msipime hatari kwa aliyepona. Kiungo ana miaka saba au minane ya ubora wa juu. Nusu mwaka ndani yake ni kipande kikubwa, na akiwa na miaka 24 au 25 ni kipande kibaya zaidi, kwa sababu ndipo mawakala wa nje wanapoangalia.

Mleta Mada

Namba Sita kasema nilichotaka kusema. Na dunia inaelekea huko. Lassana Diarra, kiungo mkabaji wa Ufaransa, alisaini miaka minne Lokomotiv Moscow mwaka 2013. Mwaka uliofuata wakagombana juu ya mshahara, mkataba ukavunjika, FIFA ikamwamuru alipe euro milioni 10.5. Charleroi ya Ubelgiji ilimtaka, ikaogopa kwa sababu klabu mpya ingebebeshwa deni pamoja naye. Msimu mzima wa 2014/15 ukapotea. Oktoba 4, 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema baadhi ya kanuni hizo za FIFA zinakwenda kinyume na sheria ya Umoja wa Ulaya. Sasa mnaniambia ibara ya 17, ile ya fidia na adhabu za kuvunja mkataba, ni msahafu?

Kipengele

Si msahafu, ila usome hukumu hadi mwisho. Kwanza, aliyetangaza kuvunja mkataba Agosti 2014 alikuwa Lokomotiv, kwa madai kwamba mchezaji amekiuka. Diarra hakuweka pesa mezani akaaga. Pili, mahakama haikusema mchezaji anaweza kuondoka bure. Ilichokataa ni adhabu zilizozidi: klabu mpya kubebeshwa fidia moja kwa moja bila kuangalia kama ilimshawishi mchezaji, namna ya kukokotoa fidia isiyoeleweka, na chama cha soka cha nchi anakotoka kuzuia hati ya uhamisho wa kimataifa kisa kuna ugomvi wa mkataba. FIFA ikatoa kanuni za mpito, zikaanza Januari 2025: hati haizuiwi tena kwa ugomvi wa namna hiyo, na klabu mpya inabeba deni ikithibitika kwamba ilimchochea mchezaji avunje mkataba. Fidia bado ipo.

Swali la maana ni fidia kiasi gani, na hapa naomba tufanye hesabu. Kama milioni 12 ni miezi mitatu, mshahara ni milioni 4 kwa mwezi. Kutoka Januari 2023 hadi Mei 2024 ni miezi 17. Mara milioni 4, unapata milioni 68.

Mwaka 2008 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliamua kesi ya Andy Webster, beki aliyetoka Hearts ya Scotland kwenda Wigan. Hearts walidai mamilioni ya pauni. CAS ikawapa pauni 150,000, yaani mishahara iliyokuwa imebaki. Kwa kipimo hicho, milioni 112 za Fei zilizidi deni.

Lakini mwaka 2009 CAS hiyohiyo ikageuka kwenye kesi ya kiungo Mbrazili Matuzalem, aliyeiacha Shakhtar Donetsk akaenda Real Zaragoza. Safari hii walihesabu thamani yake sokoni na mchango wake, wakamtoza euro 11,858,934. Mkataba wake ulitaja euro milioni 25 kama bei ambayo klabu ingekubali kumuuza, lakini CAS haikuichukua kuwa bei ya mchezaji kujinunua. Ona tofauti hiyo: bei ya kuuzwa na bei ya kujitoa ni vitu viwili. Na wote wawili waliondoka baada ya kipindi cha ulinzi kupita.

Kipindi hicho ni miaka mitatu au misimu mitatu, kipi kitangulie, kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28. Kwa aliyesaini baada ya hapo ni miwili. Ukivunja ndani yake bila sababu ya haki, juu ya fidia kuna kufungiwa miezi minne. Ukiongeza mkataba, kipindi kinaanza kuhesabiwa upya. Vijana wanaongeza mwaka mmoja kwa sababu ya gari, hawajui wamejifungia mlango ambao ulikuwa karibu kufunguka.

Dada wa Chamazi

Wenzangu mnabishana kuhusu nani mwema, mimi naona karatasi ndiyo ilikuwa mbovu. Januari hiyohiyo ya 2023 Chelsea walimchukua kiungo Enzo Fernández kutoka Benfica, na Benfica hawakutaka kumuuza. Mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kuachiwa kwa euro milioni 120. Mazungumzo yakawa hasa juu ya namna ya kulipa, na tarehe 31 jambo likaisha. Hakukuwa na kesi ya kuvunja mkataba, maana bei ilikuwa imeandikwa.

Wakala wa kiungo yeyote wa ligi yetu ahakikishe kipengele hicho kinataja mambo haya: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sarafu, kwa sababu dola na shilingi hazitembei pamoja kwa miaka minne, nani anaruhusiwa kulipa, mchezaji mwenyewe au klabu inayomtaka, akaunti ya kuingizia, dirisha gani, Juni pekee au na dogo, na maneno ya wazi kwamba pesa ikishaingia mkataba umeisha, klabu haina hiari ya kukataa. Ukikosa hilo la mwisho, klabu itarudisha pesa na utabaki na risiti. Kiasi kinaweza pia kupungua kila mwaka: mwaka wa kwanza milioni 300, wa pili 200, wa tatu 120. Hapo klabu inalindwa kipindi inachomhitaji na mchezaji anajua siku yake.

Pia kusubiri si aibu. Mkataba ukibakiza miezi sita, unaruhusiwa kusaini kwingine hadharani. Haruna Niyonzima alimaliza mkataba wake Yanga mwaka 2017 akavuka kwenda Simba. Watu walinuna, lakini kesi haikuwa na pa kuanzia.

Jangwani Damu

Dada, hilo la kiasi kupungua nalikubali kabisa. Ila mchezaji naye akubali upande wa pili wa mizani. Kipengele cha bei ndogo kinakuja na pesa ndogo ya usajili. Kwetu wanataka milioni 150 mkononi siku ya kusaini na bei ya kujitoa iwe 50. Kwa hesabu hiyo klabu inampa mtu nauli ya kwenda kwa mpinzani. Na klabu ndogo zimesahaulika: kiungo akiuzwa nje ya nchi kwa dola milioni moja, asilimia 5 hugawiwa waliomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Timu iliyokuwa naye kuanzia msimu wa miaka 16 hadi wa 19 inapata nusu asilimia kwa kila msimu, jumla dola 20,000. Akiondoka kwa kuvunja mkataba, ada ya uhamisho haipo, na timu hiyo haina cha kudai.

Namba Sita

Hoja ya timu ndogo naipokea. Basi na klabu kubwa zikubali kumuuza mtu ofa halali ikija, badala ya kuikalia barua mpaka dirisha lifungwe.

Mleta Mada

Nimebadilika kwa nusu. Nilidhani milioni 112 zilitosha kwa sababu zilikuwa nyingi kuliko mishahara iliyobaki. Kesi ya Matuzalem imenionyesha kuwa wingi wake haukuwa hoja. Lakini sijabadilika juu ya muda. Kama TFF inajua mchezaji anazeeka kila dirisha, shauri la namna hii halipaswi kuanza Januari na mapitio yake kufika Machi. Kipengele, wewe unayezijua kanuni, kuna kinachozuia kamati kuamua hivi: mkataba umekufa, mchezaji acheze kwingine, fidia tutaihesabu baadaye?

Kipengele

Kwa uhamisho wa kimataifa ndivyo mambo yanavyokwenda sasa: hati inatoka, mchezaji anacheza, ugomvi wa pesa unaendelea nyuma yake. Kwa uhamisho wa ndani inategemea kanuni za ligi na mfumo wa usajili, kwa sababu klabu ya zamani isipomwachia kwenye mfumo, klabu mpya haiwezi kumpatia leseni. TFF ikiandika kwamba kamati inaweza kumwachia yenyewe ndani ya siku kadhaa na kubakiza hesabu ya fidia, litawezekana. Mimi ningeweka siku 15, na dhamana ya benki kutoka kwa klabu inayomchukua isiyopungua mishahara iliyobaki kwenye mkataba wa zamani. Kwa Fei ingekuwa zile milioni 68.