Mtoto anagonga kokoto na kifua hakiponi. Maziwa yanasaidia kweli?

MamaUji_Dom

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Dodoma, nje kidogo ya mji, njia ya Kondoa. Nauza uji na chapati machimboni, pale wanapogonga kokoto kwa mkono. Wateja wangu ni wagongaji wenyewe, wapakiaji na madereva wa kenta. Tangu Serikali ihamie huku nyumba zinaota kila kona, kokoto hazilali.

Dada yangu mkubwa naye anagonga pale. Mume alifariki, ana watoto watatu. Kijana wake wa miaka 13, yuko darasa la sita, akitoka shule anakuja kugonga, Jumamosi anashinda hapo, na likizo ya Juni yote aliimalizia kwenye mawe. Tangu likizo ile anakohoa. Kwanza tulisema ni baridi na huu upepo wetu wa Juni na Julai, mnaujua wenyewe, mchanga unautafuna bila kupenda. Lakini baridi imekwisha, joto la Oktoba limeingia, yeye bado. Usiku ndiyo zaidi. Zahanati walimpa amoksilini na dawa ya maji ya kikohozi, akapata nafuu kidogo, kikarudi.

Wazee wa machimboni wanasema dawa ni maziwa. Nusu lita ukitoka kazini, vumbi lote linashuka. Dada anaamini hivyo, anakopa kwangu hela ya maziwa siku ambazo hata mboga ni mlenda mtupu. Mimi naona maziwa yanakwisha na kikohozi kipo.

Naomba anayejua anisaidie: maziwa yanasafisha kweli vumbi kifuani? Na nikimfunga kanga puani inatosha? Tafadhali msimtukane dada yangu. Anajua kwamba yule ni mtoto.

Mgogo_Halisi

Mama, usijipe presha. Sisi tumekulia kwenye mawe hayo hayo. Nimeanza kugonga nikiwa darasa la nne, nikajisomesha hadi kidato cha nne kwa nyundo. Leo nina miaka 27 na mfuko wa saruji nabeba begani bila shida. Mtoto akikaa bure mtaani ndiyo ataingia kwenye bangi. Maziwa mpe, hayana hasara.

Tabibu_wa_Zamu

Mama, mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, mkoa huu huu. Nitaandika kirefu kidogo, maana swali la maziwa tunaulizwa na watu wa mawe, wa saruji na wapaka rangi za magari.

Maziwa yanapita njia ya chakula, yanaingia tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Njia hizo mbili zinaachana kooni na huko chini hazikutani tena. Mtoto akinywa maziwa amekula vizuri, basi. Ampe kama chakula, asimpe kama dawa.

Vilima vyetu hapa vingi ni mawe ya itale. Ukilivunja jiwe lile juani unaona punje zinazong'aa kama kioo. Hiyo ni silika. Nyundo ikitua, vumbi linalotoka si la aina moja. Lile jeupe mnaloliona kwenye nyusi na nywele ni afadhali, punje zake ni kubwa, pua na makohozi vinalinasa, mtu analitema. Usiloliona ndilo linalofika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vya hewa. Chembe za kinga za mwili zinalimeza ili zilimalize, zinashindwa, zinafia hapo hapo, na mahali pale panabaki kovu. Kovu halipitishi hewa. Likishajengeka hakuna maziwa, asali, tangawizi wala sindano ya kuliondoa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi.

Ndugu Mgogo_Halisi, nakuamini kwamba huumwi. Ila silikosisi ya kawaida huchukua miaka 10 na zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi ndipo ijionyeshe, na inaweza kuendelea hata kama nyundo uliiacha zamani. Vumbi likiwa jingi mno huwahi, hata chini ya miaka 5. Aliyeanza darasa la nne anaweza kuja kulipia akiwa na watoto wake mwenyewe wa kusomesha. Ukipata nafasi kapige picha ya kifua.

Mtoto anaumia zaidi. Anapumua haraka kuliko mtu mzima, hewa anayovuta ni nyingi kwa uzito wake, na mapafu yake hayajamaliza kukua. Halafu anakaa chini, uso uko karibu na jiwe.

Sasa kikohozi cha kijana wenu. Kwa muda uliousema sidhani kama ni silikosisi. Nina mashaka na mambo mawili. Moja, njia za hewa zimechubuka. Hapo machimboni wanachoma matairi juu ya mwamba ili upasuke? Kama wanachoma, moshi ule peke yake unatosha. La pili, na ndilo la haraka, ni kifua kikuu. Silika inadhoofisha kinga ya mapafu, TB inapata pa kukaa. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi hakiongezewi amoksilini, kinapimwa. Kupima TB na dawa zake ni bure kwenye vituo vya Serikali. Wa miaka 13 anaweza kutoa makohozi, na kwa wadogo wasioweza, sehemu nyingi siku hizi hupima choo.

Mkifika, kabla hamjasema kikohozi, semeni "anagonga kokoto". Sisi wahudumu tunamuuliza mtu mzima kazi yake. Mtoto tunamuuliza chanjo na chakula, tunaandika "mwanafunzi", tunageuza ukurasa. Ndiyo maana ukapewa amoksilini.

Kanga inazuia lile vumbi kubwa tu, dogo linapita kwenye nyuzi. Barakoa nzito za viwandani zimeshonwa kwa sura ya mtu mzima, kwa mtoto hewa inapita pembeni. Maji yanasaidia kuliko kitambaa: jiwe liloweshwe kabla ya kupigwa, na wagongaji wakae mahali ambapo upepo unalipeleka vumbi mbali nao. Najua maji yenyewe Dodoma ni ya kununua. Hayo mwambie dada kwa ajili ya mapafu yake yeye, siyo ili mtoto aendelee.

Umesema watoto ni watatu. Hao wawili wengine wako wapi mama yao akiwa kazini?

MamaUji_Dom

Tabibu, Mungu akubariki. Matairi wanachoma, ndiyo, alfajiri, moshi unanifuata hadi kwenye sufuria ya uji. Wa mwisho ana mwaka na nusu, anakuwa mgongoni kwa mama yake. Wa kati ni binti wa miaka 9. Huyo hagongi, wanamwonea huruma. Anachekecha tu, anatenganisha kokoto na lile vumbi la kufyatulia tofali.

Tabibu_wa_Zamu

Mama, huyo binti ndiye anayelivuta kuliko wote. Anayegonga analitoa vumbi kwenye jiwe, yeye analirusha hewani mbele ya uso wake, kutwa nzima, na ni lile lile laini. Wamempa kazi nyepesi kwa mikono, nzito kwa mapafu. Na wa mgongoni anavuta kila anachovuta mama yake. Nendeni wote wanne.

Mwana_Manyoni

Nimesoma hadi hapo kwa binti nikaweka simu chini kwanza.

Mimi si daktari. Kaka yangu aliingia kwenye mashimo ya dhahabu huku kwetu Singida akiwa na miaka 14. Baadaye akaenda Mirerani kwenye tanzanite, enzi zile vijana wadogo wanaopenya kwenye njia nyembamba wakiitwa nyoka. Alirudi na kikohozi. Akatibiwa TB, akamaliza dozi ya miezi 6, kikohozi kipo. Akaanzishiwa tena. Makohozi hayaonyeshi kitu, picha ina madoa, basi wanasema ni TB tu. Hadi alipopelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, hospitali ya siku nyingi ya TB ambayo inawashughulikia pia wachimbaji na mapafu yao, ndipo daktari akamuuliza amefanya kazi gani tangu utoto.

Leo ana miaka 38. Kutoka chooni hadi mlangoni anapumzika njiani. Alipojenga banda la kuku, tofali nilibeba mimi, yeye akakaa kwenye kigoda anaelekeza na kufoka kwamba nazipanga vibaya.

Na maziwa alikunywa sana. Anasema ya Simanjiro, huko huko Mirerani, yalikuwa matamu kweli.

Fundi_Nala

Wote mmeongea kifua, macho mmeyasahau. Saidia wangu mmoja alirukiwa na kipande cha jiwe akiwa mdogo, akigonga na bibi yake. Jicho lile halioni. Hawezi kupima timazi vizuri, kwa hiyo hawezi kuwa fundi kamili, anaishia kuchanganya zege. Na vidole, mtoto anashika jiwe kwa mkono wa kushoto, nyundo ikiteleza imemkuta. Wakubwa wanatumia kile kipete cha mpira kulizuia jiwe, watoto naona wengi hawapewi.

Mimi ni mnunuzi wa kokoto za mkono na sitaki kujifanya mwema. Kuna wakati nilisema nikikuta mtoto na nyundo sichukui mzigo pale. Matokeo yake nikifika naona nyundo ndogo zimelala chini na watoto wamejificha nyuma ya lundo. Nikiacha kabisa kununua, huyo mjane atakula nini? Wanaosema tusinunue waje na jibu la hilo pia.

Mgogo_Halisi

Tabibu, hiyo picha ya kifua ni kiasi gani?

Tabibu_wa_Zamu

Inategemea kituo, ulizia kwanza. Na ukiambiwa haina kitu, iombe uitunze. Ukipiga nyingine baadaye watapata cha kulinganisha.

Mwl_Chamwino

Mimi mwalimu wa msingi. Darasani nawatambua kwa viganja kabla sijasikia kikohozi, na kwa usingizi wa saa nne asubuhi.

Kwa upande wa sheria: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Kazi ya hatari imekatazwa kwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na uchimbaji wa madini na mawe umetajwa humo kwa jina. Kwa hiyo hata huyo kijana akifikisha 14 mwakani, mtu asije akamwambia dada yako kwamba sasa ruksa.

Najua unachoogopa, kwamba ukisema, dada atakamatwa. Siwezi kukuahidi kwa niaba ya ofisi ya mtu. Ninavyoona kata yetu, afisa ustawi wa jamii huanza kwa kukaa na familia. Aende dada mwenyewe, asisubiri kuripotiwa, aeleze kwamba ni mjane na watoto watatu, na aulize hapo mtaani kama kaya yake inaweza kuingizwa TASAF, ule mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini. Namba 116 ni ya bure, simu ya mtoto, unaweza kupiga wewe shangazi au mama mdogo ukaomba ushauri tu.

Ada ilifutwa, sawa, lakini sare, madaftari na michango vipo. Muulize kijana hela ya kokoto anaifanyia nini. Wangu wengi wakijibu, ni daftari na kalamu. Hiyo ni hela ambayo mwalimu mkuu na kamati ya shule wakikaa wanaweza kuitafutia njia nyingine, kama wameambiwa.

MamaUji_Dom

Mimi ndiye mama mdogo. Asanteni sana.

Tulienda kituo cha afya. Nilianza na kokoto kama Tabibu alivyosema, yule dada wa mapokezi akaniangalia, akamwita mwenzake. Kijana ametoa makohozi, tunasubiri majibu. Binti amepimwa uzito, uko chini, naye wamechukua kipimo. Dada amekubali kijana asiguse nyundo hadi majibu yatoke. Yakitoka salama sijui, nadhani tutagombana. Muhula ujao anataka madaftari, nimempa ujumbe wa mwalimu akanyamaza.

Binti nimemchukua kwangu anaosha vikombe jioni, na banda nimelisogeza juu kule ambako moshi hauji. Mwalimu usinikemee, vikombe vyenyewe havizidi kumi.

Tabibu, huyu mdogo wa mgongoni hawakumpima. Walisema wasubiri ya kaka yake. Ni sawa?

Tabibu_wa_Zamu

Si vibaya, ila usiache ipite. Kaka akikutwa na TB, mdogo wa chini ya miaka 5 anayelala naye nyumba moja lazima achunguzwe, na asipokuwa na ugonjwa anapewa dawa za kumkinga. Akianza kukohoa, kupata homa au kukataa kula kabla majibu hayajatoka, mrudishe siku hiyo hiyo. Nenda na kadi yake ya kliniki.