Laptopu ya RAM GB 4: Godot, Unity au Unreal?

Swali: Wakuu, habari zenu. Nataka kutengeneza gemu la 2D la Android. Laptopu ina RAM GB 4 na kadi ya picha ya Intel ya zamani. Nichukue injini ipi (programu ya kutengenezea gemu)?

Jibu 1: Godot 4, mkuu. Haisakinishwi: fungua zipu, bofya, imewaka. Ukiunda mradi, kwenye Renderer (namna ya kuchora picha za gemu) chagua Compatibility. Forward+, chaguo jingine hapo, inataka Vulkan au njia mpya kama hiyo ya kuongea na kadi ya picha, na kadi nyingi za zamani hazina. Compatibility hutumia OpenGL, njia ya zamani zaidi, na hata simu za bei nafuu zinaimudu.

Jibu 2: Andika kwa GDScript, lugha ya Godot yenyewe; ni nyepesi kujifunza. Kabla ya kutoa gemu weka JDK 17 na Android SDK (zana za kuundia programu za Android), na Export Templates (faili za Godot za kugeuza mradi kuwa gemu kamili) za toleo lilelile la Godot unalotumia. Namba zikipishana, inagoma. Gemu jipya Play Store linapokelewa kama AAB (aina ya faili la kupakia dukani), siyo APK, kwa hiyo washa Gradle Build kwenye mipangilio ya Export, maana bila hiyo Godot haitoi AAB. Na tafadhali, tunza nakala ya keystore (faili la ufunguo wa kusaini gemu) na nywila yake!

Jibu 3: Unity ni nzuri, lakini kwa RAM hiyo utateseka. Unreal ndiyo usiiguse kabisa. Godot iko chini ya leseni huria ya MIT, haikudai hata senti ya mauzo.

Muulizaji: Shukrani wakuu. Napakua Godot sasa hivi.