MREJESHO: Yule dada wa Nkuhungu aliyeachwa na kuambiwa ahame

Wakuu, habari za jioni. Niliwauliza nitalala wapi baada ya mwenzangu wa miaka mingi kuniacha na kunitaka nihame, kwa kuwa mkataba wa pango una jina lake.

Nimeshahama. Area C na Ilazo sikuhangaika nako, tangu serikali ihamie Dodoma kodi za huko si za mama lishe. Madalali nao, hela ya kuonyeshwa kwanza, chumba baadaye! Wenye nyumba wengi wanataka miezi 6 kwa mkupuo. Nimepata chumba kimoja Nzuguni, choo cha nje, mama mwenye nyumba kakubali miezi 3. Vumbi linaingia mpaka kwenye unga, ila ufunguo ninao mimi.

Aliyenielekeza kwa wasaidizi wa kisheria, Mungu akubariki. Yule bwana alikuwa akinitambia kwamba bila cheti sina changu. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Tumeanzia baraza la kata. Friji na cherehani nimeviorodhesha. Kitanda abaki nacho.

Moyo? Bado. Picha sijazifuta, na mliosema nizifute mniache kidogo. Jumatatu naanza kuuza chai na vitumbua karibu na stendi kuu.