Shamba limechoka, halafu kuna watu wa karboni wanataka tusaini. Mnasemaje?

MwanaWaUG
Wadau salamu. Niko Uasin Gishu, Kenya, shamba la mzee limelimwa mahindi juu ya mahindi tangu nikiwa mdogo, mbolea ya kupanda ni DAP, ya juu ni CAN au urea, basi. Siku hizi mbolea ni ile ile lakini mahindi yakifika magotini majani yanakuwa zambarau, ukiyang'oa mizizi ni mifupi imenenepa. Sasa kuna watu wamekuja kwa grupu yetu wanasema tukiacha kuchoma mabua, tupande miti na turudishe samadi, tutalipwa pesa ya karboni, yaani ya hewa ukaa itakayofungwa kwa udongo na miti. Fomu kurasa nyingi, Kizungu kitupu. Hiyo kitu inaponya udongo ama ni njia ya kutuchukulia shamba?

Agro_Kitale
Bro hizo ni dalili za asidi. DAP ina amonia, vijidudu vya udongo vikiigeuza nitreti inabaki asidi, sasa hesabu miaka yote hiyo. pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ikienda chini ya 5.5 aluminiamu inaachiliwa inaunguza ncha za mizizi, na fosforasi unayonunua kwa gunia inafungwa hapo hapo, ndio hiyo zambarau. Kabla ya karboni pima udongo. Tembea zigizaga, chota sehemu kama 15 kina cha sentimita 20, ruka palipokuwa na boma au kichuguu, changanya kwa ndoo ya plastiki, peleka nusu kilo maabara. pH ikitoka chini, mwaga chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda na uichanganye na udongo, si kuiweka shimo moja na mbolea kama wengine wanavyofanya. Na DAP ipumzishe kidogo.

Nyanya_wa_Bungoma
Mimi niongelee hiyo pesa. Huku kwetu shirika la Vi Agroforestry walikuja na mradi wa karboni ya udongo, mnunuzi akiwa ni mfuko wa Benki ya Dunia. Krediti za kwanza (hati za kuuzwa, moja kwa kila tani ya hewa ukaa) zilitoka 2014, tani 24,788. Tamu kusikia, lakini wakulima ni makumi ya maelfu, gawanya mwenyewe uone kama kila mtu anafikisha hata tani mbili, halafu toa gharama ya wapimaji. Hiyo si pesa ya karo wanangu. Kilichosaidia watu ni mafunzo, miti ya lishe na mboji. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi (unaweza kukuta 20), nani mwenye krediti, na ukiuza shamba inakuwaje. Sheria ya Kenya ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato, lakini hiyo ni ardhi ya umma na ya jamii, shamba lenye title ya mzee ni vile mtakavyoandikiana. Tafuteni wakili awasomee, grupu nzima mchange.

mmatengo_halisi
Nawasoma toka Mbinga, Tanzania. Sisi wazee walikuwa wanazika nyasi kabla hiyo karboni haijapewa bei. Ngoro: baba anafyeka nyasi anazilaza kwa mistari inayokatana, mama anafukua udongo wa katikati anazifunika (kazi nzito kaachiwa mama, hilo mlijadili wenyewe 😂), kwenye matuta panapandwa maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua inakaa shimoni, mlima ule umesimama wima lakini udongo hauondoki.

MwanaWaUG
Asanteni sana. Sasa hayo mabua nikiyazika ng'ombe watakula nini Januari?

Agro_Kitale
Hapo ndipo watu wa karboni hawafiki. Wape ng'ombe mabua usijilaumu, ila samadi irudi shambani, na usiiache juani ikinyeshewa, naitrojeni nyingi inapotea, funika hata na majani ya ndizi. Kwenye kingo weka nyasi za napia na desmodiamu, hiyo ya pili ni jamii ya kunde, inaleta naitrojeni na ng'ombe wanaipenda. Kuchoma tu ndio uache kabisa.

Nyanya_wa_Bungoma
Na hiyo fomu usiweke hata sahihi ya "mahudhurio" kabla hamjaisoma.

MwanaWaUG
😅 Mzee alishaweka ya mahudhurio jana. Kesho naenda kuomba kopi.